Simba, Panya na Dada Aliyeachwa

Jumapili, 3 Novemba 2024. Headington, Oxford

Zuhura amerudi kutoka maktaba na kitabu cha Narnia, kile cha simba, mchawi na kabati. Amekichagua mwenyewe kwa sababu ya simba aliyechorwa kwenye jalada. Baba yake alikigeuza, akasoma maneno ya nyuma, akanitupia jicho. "Haya, Injili imepiga hodi," akasema, akarudi jikoni kuosha vyombo huku akiimba. Kila akiosha vyombo huimba nyimbo za kanisani kwa Kijaluo. Kanisa aliliacha akiwa chuo kikuu, nyimbo hazikumwacha.

Nami kitabu hiki nilikisoma Mombasa, darasa la saba, katika nakala iliyopita mikono mingi hadi ikapoteza jalada. Tulikuwa kundi la wasichana tuliokwenda chuoni kwa maalim kila alasiri na juzuu zetu kwapani. Kwetu kilikuwa kisa cha simba mwema aliyeuawa na mchawi usiku, kulipokucha akawa hai. Ajabu, ndiyo, lakini si kupita visa vya majini tulivyosimuliwa nyumbani. Msalaba hatukuuona. Tungeuonaje, na sisi tumefundishwa kwamba Nabii Isa hakusulubiwa? Mume wangu, aliyelelewa Kianglikana huko Maseno, alikisoma akiwa na umri ule ule. Alipofika pale simba anaponyolewa manyoya na kudhihakiwa, alishajua asubuhi yake kutatokea nini.

Leo hii hatuamini, wala mimi wala yeye. Watu wa kwao wanajua, na wameshazoea kutuombea. Watu wa kwetu hawajui. Ndiyo maana haya nayaandika humu.

Alhamisi, 7 Novemba

Mwenzangu wa zamu, Mwingereza ambaye hata wazazi wake hawakuwa na dini, ameniambia wakati wa chai kwamba Narnia haiingii nyumbani kwake. Biblia, alisema, haimtishi. Mtoto akitaka kuisoma, aisome, kwa sababu Biblia imeandikwa Biblia juu yake. Kinachomuudhi ni dini iliyovishwa manyoya ya simba na kuletwa kitandani kwa mtoto wakati amelegea kwa usingizi.

Hoja yake ina uzito, na aliyeitia uzito ni Lewis mwenyewe, aliyeiandika Narnia. Mwaka 1956, alipokuwa amemaliza vitabu vyote saba, aliandika makala kueleza kwa nini alichagua hadithi za namna hii. Alisema akiwa mtoto alishindwa kuihisi imani ipasavyo kwa sababu aliambiwa ni lazima aihisi. Akaona kwamba mambo yale yale yakivuliwa nguo za kanisani na kupelekwa katika nchi ya kubuni, huenda yakapita bila kukamatwa na walinzi waliomo moyoni mwa mtu. Walinzi hao yeye aliwaita majoka. Mwenzangu anasema walinzi hao ndio akili, na mzazi asiyeamini kazi yake ni kuwalisha washibe.

Nilimuuliza, na wewe uliposoma Narnia utotoni, ulipata dini? Akacheka. Alisema aligundua akiwa mtu mzima, akahisi ameibiwa. Kwake ilikuwa kama kujua miaka mingi baadaye kwamba rafiki yako alikuwa analipwa kukutembelea.

Hapa kutoamini si habari. Sensa ya 2021 ya Uingereza na Wales ilikuta asilimia 37.2 wamejiandika hawana dini, na Wakristo kwa mara ya kwanza wakashuka chini ya nusu, asilimia 46.2. Kwetu Kenya sensa ya 2019 ilihesabu wasio na dini 755,750 katika watu zaidi ya milioni 47. Mwenzangu anajilinda na kitu kilichokwisha nguvu mtaani kwake. Mimi sina uhuru huo. Nikiifungia dini mlango, nimemfungia mama yangu.

Jumanne, 12 Novemba

Zuhura hakubali kwamba mtu anaweza kuwauza ndugu zake kwa peremende. Edmund amekula zile za mchawi na sasa anataka nyingine, hata kama kaka na dada zake watageuzwa mawe. "Peremende tu, Mama?" Ana miaka tisa, na peremende anazipata kwenye mfuko wa kila sherehe ya kuzaliwa.

Nikamweleza habari ya mgao. Kitabu kilitoka 1950, na Waingereza walikuwa bado wanagawiwa sukari na peremende kwa vibali vya vita. Peremende ziliachiwa huru Februari 1953. Mtoto wa siku hizo akisoma kwamba kuna sanduku zima la vitu vitamu, lote lake, mate yalimjaa, na hapo hapo akawa ameshaingia katika dhambi ya Edmund kabla hajamlaumu. Hilo ni ufundi, hata ukiwa huna habari na dhambi.

Mombasa sisi tulidhani ni haluwa. Tulimwelewa Edmund sana.

Jumamosi, 16 Novemba

Kulikuwa kukavu, tukatembea hadi kanisa la Holy Trinity, Headington Quarry, kuona kaburi la Lewis. Si mbali na kwetu. Ni bamba la jiwe lililolazwa chini, analala humo na kaka yake Warren, mmoja alifariki Novemba 1963 na mwingine 1973. Juu yake kuna maneno ya Shakespeare kuhusu binadamu kuvumilia kuondoka kwake duniani. Maneno hayo yalikuwa kwenye kalenda ya nyumbani kwao Belfast siku mama yao alipokufa kwa saratani, Agosti 1908. Lewis alikuwa na miaka tisa.

Nilisimama pale na mtoto wa miaka tisa mkononi, mimi ambaye kazi yangu ni wagonjwa. Lewis aliomba mama yake apone, na hakupona. Akiwa kijana mdogo akaacha kuamini. Akaenda vitani Ufaransa, akajeruhiwa 1918, akarudi Oxford kusoma na kufundisha, bado haamini. Lakini hadithi za kale hakuziacha kamwe, hasa zile za miungu wanaokufa na kurudi. Kilichomrudisha kwenye Ukristo, Septemba 1931, ni mazungumzo ya usiku na marafiki wawili, Tolkien na Hugo Dyson, wakitembea kwenye njia ya bustani ya Chuo cha Magdalen. Tolkien alimwambia kwamba hadithi hizo anazozipenda zina ukweli ndani yake, na kwamba ya Yesu ni mojawapo, ila hiyo ilitokea kweli.

Kwa hiyo mtu huyu aliingia katika dini kwa mlango wa hadithi, na baadaye akawatengenezea watoto wa watu mlango huo huo. Mwenzangu wa zamu angesema: umeona?

Nimeona. Lakini nimeona na jingine. Katika kitabu cha 1955, kile cha kuumbwa kwa Narnia, kuna mvulana ambaye mama yake yu mahututi. Anapata tunda kutoka bustani ya mbali, anamlisha, mama anapona. Lewis alikuwa na miaka hamsini na ushei alipoliandika hilo. Siwezi kuliita hila. Hilo ni ombi la mtoto lililokaa miaka arobaini na zaidi bila kujibiwa, mtu akaamua kulijibu mwenyewe kwa kalamu.

Ndani ya kanisa kuna dirisha la kioo kilichochongwa nakshi za Narnia, limewekwa 1991. Zuhura alimtafuta simba, akampata, akauliza kama simba huyo anaabudiwa hapa. Baba yake alisema, "Kwa namna fulani." Tukatoka.

Jumatano, 20 Novemba

Leo ndiyo sura yenyewe. Baba yake yuko zamu ya usiku, nimesoma mimi. Simba anakwenda usiku kwenye Meza ya Jiwe kufa badala ya Edmund. Dada wawili wa Edmund, Susan na Lucy, wanamfuata, wanatembea huku wameingiza mikono katika manyoya yake kwa sababu ameomba wafanye hivyo; anaona upweke. Kisha anafungwa kamba, ananyolewa, anafungwa mdomo, anachinjwa kwa kisu cha jiwe.

Nilisubiri machozi, au swali. Zuhura alinyamaza hadi panya walipotokea. Simba ameshakufa, mchawi na kundi lake wameondoka, wasichana wameshindwa kuzifungua zile kamba, wanakuja panya wadogo wa shamba na kuzitafuna moja moja hadi maiti inakuwa huru. Hapo ndipo aliponikatiza.

"Lakini ameshakufa. Wanamfungulia nini?"

Nikamwambia ndiyo kazi yangu. Mgonjwa akifa wodini, daktari akishathibitisha na kuandika saa, sisi wauguzi tunabaki naye. Tunatoa sindano ya mkononi, tunatoa mpira wa mkojo, tunamfumba macho, tunamwosha uso na mwili kwa maji ya vuguvugu, tunamchana nywele. Na tunazungumza naye. Wengi wetu tunamwambia, sasa nakugeuza upande huu, sasa nakufuta mgongo. Amekufa, na bado hatupendi aondoke kamba zikiwa zimembana.

"Kwa hiyo wewe ni panya," akasema.

Nikasema ndiyo. Sijapata maelezo mazuri zaidi ya kazi yangu. Tukaendelea, jua likachomoza, jiwe likapasuka, simba akawa hai. Zuhura alifurahi kama ambavyo nilifurahi mimi Mombasa. Lakini usiku huu anaowazungumzia kwa baba yake kwenye simu ni panya, ambao Lewis mwenyewe hakuwasahau: katika kitabu cha pili anasema kwamba kwa wema huo jamii yao ilipewa kusema.

Hicho ndicho ninachotaka kumwambia mwenzangu wa zamu. Mwandishi anaficha kitu chake ndani ya hadithi, msomaji anaingia na taa yake mwenyewe na kukuta kingine.

Jumanne, 10 Desemba

Tamasha la Krismasi shuleni. Zuhura alikuwa ngamia. Baba yake alimshonea nundu kwa foronya na sufi ya mto, akajidunga sindano mara kadhaa, na alipoulizwa na mzazi mwingine kama sisi ni Wakristo akajibu kwamba ngamia hana dini.

Shule za serikali hapa zinatakiwa na sheria kufanya ibada ya pamoja kila siku. Sheria ilianza 1944, na ile ya 1988 ikaongeza kwamba ibada hiyo kwa sehemu kubwa iwe na sura ya Kikristo. Shule nyingi hazilishiki jambo hili kwa nguvu, lakini lipo, na mzazi ana haki ya kumtoa mwanawe. Sisi hatujamtoa. Tulijadili alipoanza shule, tukaona mtoto anayekaa peke yake ukumbini wenzake wakiimba anafundishwa dini kwa ukali zaidi kuliko anayeimba.

Jioni Zuhura aliuliza kama ilitokea kweli, nyota na hori na wale mamajusi. Nikamwambia Wakristo wanaamini ilitokea, Bibi, yaani mama yangu, anaamini kwamba Isa alizaliwa na Bi Mariamu chini ya mtende, na mimi na Baba tunaona ni hadithi nzuri sana ambazo watu wamezitunza. Akauliza, "Na Narnia?" Nikasema hiyo hakuna anayeamini ilitokea, hata aliyeiandika, ila alitaka unapomaliza kumpenda simba uende ukamtafute mtu mwingine. Akasema simba anamtosha.

Nimekumbuka barua ambayo Lewis aliandika 1955 kumjibu mama mmoja wa Marekani. Mwanawe alikuwa na hofu kwamba anampenda Aslan, simba huyo, kuliko Yesu. Lewis alimtuliza: yale ambayo mtoto anampendea Aslan ni yale yale aliyoyafanya Yesu, hivyo akidhani anampenda mmoja, anampenda mwingine. Mama yule alikuwa na wasiwasi ulio kinyume cha wangu, na wote wawili tulikuwa tunahofia simba yule yule.

Jumamosi, 28 Desemba

Mwenzangu wa zamu ametuletea zawadi, Northern Lights cha Philip Pullman, cha mwaka 1995, kama dawa. Pullman naye ni mtu wa Oxford hii hii, mjukuu wa kasisi wa Kianglikana, na Narnia haipendi hata kidogo. Mwaka 1998, Lewis alipotimiza miaka mia tangu kuzaliwa, aliandika gazetini kuishambulia vikali. Katika vitabu vyake vitatu Kanisa ndilo linaloiba watoto na kuwakata roho zao, ambazo katika ulimwengu wake hutembea nje ya mwili kwa umbo la mnyama. Mungu wa humo ni malaika mzee, dhaifu, aliyefungiwa ndani ya sanduku la kioo. Anapotolewa anapeperuka na upepo. Cha tatu kilitoka 2000 na kuchukua tuzo kuu ya Whitbread ya 2001, kitabu cha kwanza cha watoto kufanya hivyo.

Nimekianza upya mwenyewe baada ya Zuhura kulala. Sura ya kwanza tu, msichana anajificha ndani ya kabati! Mtu anaweza kumpinga mwenzake maisha yake yote na bado akaanzia mlangoni pake.

Ninampenda Pullman. Katika kitabu cha tatu kuna mahali wafu wamefungiwa katika nchi ya kiza na wanalindwa na ndege wabaya, na ndege hao wanakubali kuwapitisha watoke kwa sharti moja, kila mmoja alete kisa cha kweli cha alivyoishi duniani. Nilipokisoma hicho zamani, hapo nilifunga kitabu kidogo, nikapumua. Lakini mahubiri ni mahubiri, hata yakiwa ya upande wangu, na kuna kurasa ambazo yeye pia amenishika sikio. Mwaka 2004 Askofu Mkuu wa Canterbury wa wakati huo, Rowan Williams, alikaa naye jukwaani London wakazungumza kwa heshima, na akasema vitabu vya Pullman vinafaa kutumiwa katika vipindi vya dini shuleni. Askofu alitaka watoto wasome kitabu ambamo Mungu anakufa. Na mimi hapa nilikuwa najiuliza kama niruhusu kile ambamo anafufuka.

Zuhura atakisoma, akifika miaka kumi na moja au kumi na mbili. Kwa sababu kina vitisho, si kwa sababu ya fikra zake.

Jumapili, 12 Januari 2025

Tumefika kitabu cha farasi na mvulana wake, cha 1954, na leo ndipo nilipokasirika.

Kusini mwa Narnia kuna jangwa, na ng'ambo ya jangwa kuna nchi inaitwa Calormen. Watu wake ni weusi-weusi, wana ndevu, wanavaa vilemba, wanabeba panga zilizopinda, wanafanya biashara ya watumwa, na kila wakimtaja mfalme wao wanamwombea aishi milele. Wanamwabudu Tash, ambaye baadaye tunamwona ana kichwa cha tai na mikono minne. Wanarnia ni weupe, wachangamfu, wanatembea huru barabarani. Pauline Baynes, aliyevichora vitabu vyote saba, amechora vilemba kwa ustadi mkubwa.

Zuhura aliukazia macho mchoro. "Huyu anafanana na Babu." Yaani baba yangu, kwenye ile picha ya harusi iliyoko ukutani, amevaa joho na kilemba, jambia kiunoni.

Hakusema kwa uchungu. Alifurahi kumwona Babu kitabuni. Uchungu ulikuwa wangu. Miezi yote hii nilikuwa nalinda mlango wa mbele, nikimchungulia simba asije na msalaba wake, na matusi kwa watu wetu yamepita uani. Katika kitabu cha mwisho vijeba wanawaita Wakalormen kwa rangi ya ngozi, kwa dharau, na hakuna anayewakemea.

Ila lazima niandike haki yote. Mmoja wa mashujaa wa kitabu hiki ni Aravis, msichana wa Calormen anayetoroka kuozwa kwa mzee asiyemtaka, ana akili na kiburi na upanga, na mwisho anakuwa malkia. Zuhura tangu amemjua hataki mwingine. Na Lewis, katikati ya kejeli zake, anakiri kwamba Calormen wanafundisha kusimulia hadithi kama Waingereza wanavyofundisha kuandika insha, na kwamba za kwao ndizo watu wanapenda kuzisikiliza. Niliposoma hapo nilimsamehe kidogo, kidogo tu.

Nikamwambia Zuhura: aliyeandika hakuwajua watu kama Babu. Aliwajua kutoka vitabu vya zamani na vita vya zamani, akawachukua kwa mkupuo. Akajibu, "Lakini alimjua Aravis." Sikuwa na la kuongeza.

Jumatano, 5 Februari

Tumemaliza. The Last Battle, cha 1956, kilichopata Medali ya Carnegie. Narnia inakwisha, nyota zinaanguka, mlango unafungwa, na waliokuwa wema wanajikuta katika Narnia nyingine isiyokwisha. Kisha wanaambiwa kwamba kule Uingereza kulikuwa na ajali ya treni, wote wamekufa, wazazi wao pia, na kwamba hiyo ndiyo likizo inaanza.

Kwa muuguzi hilo ni gumu. Lakini nililivumilia, kwa kuwa najua alikotoka aliyeandika. Nisichokivumilia ni Susan.

Susan hayumo. Anauliziwa yuko wapi, na jibu linatolewa kwa mkato kwamba si rafiki wa Narnia tena. Siku hizi anajali soksi za nailoni na rangi ya mdomo na mialiko. Narnia anaiita michezo ya utotoni. Mazungumzo yanageukia matunda.

Susan huyo huyo aliyetembea na simba usiku ule, mkono ndani ya manyoya! Kaka yao Peter hakuwepo, alikuwa amelala. Edmund hakuwepo. Waliokesha na maiti ni wasichana wawili, na mmoja wao sasa amefutwa kwa sababu ya rangi ya mdomo.

Askari kijana wa Calormen aitwaye Emeth ameingia. Maisha yake yote alimtumikia Tash kwa moyo safi, na Aslan anamwambia wema wake wote ameuhesabu kuwa wake. Hapo Lewis alifungua mlango mpana kuliko wahubiri wengi ninaowajua, wa Mombasa na wa Maseno. Kisha akaufunga kwa msichana aliyekua.

Najua alivyojitetea. Mtoto mmoja alimwandikia, naye akajibu mwaka 1957 kwamba Susan bado yu hai duniani, ana muda wa kujirekebisha, na huenda akafika kwa njia yake mwenyewe. Ni jibu la upole. Lakini liko katika barua, halimo kitabuni.

Na mimi najijua. Katika nyumba ya mama yangu, siku watakapojua, mimi ndiye nitakayekuwa Susan. Wataulizana niko wapi, mtu atasema Ulaya imemharibu, halafu chai itaendelea kumiminwa. Sasa naona kilichonikaa rohoni tangu Novemba. Simba kufa na kufufuka kamwe hakukunitisha, na mtoto wangu akimpenda sitapoteza kitu. Hadithi ninayoiogopa ni ile inayopanga watu mwishoni, hawa ndani, yule nje, na kuwafundisha walio ndani wasigeuke kutazama. Hiyo haina dini maalum. Na wasioamini wana zao.

Jumapili, 23 Februari

Bibi alipiga simu ya video. Ramadhani inakaribia, nyuma yake naona magunia ya unga na kunde yameshapangwa. Zuhura alimwamkia, Bibi akaitikia marahaba ndefu, kisha kama kawaida akasema, "Haya, leo nani anasimulia?" Wiki iliyopita alisimulia yeye, Nabii Suleiman na yule chungu aliyewaonya wenzake waingie mashimoni wasikanyagwe na jeshi, na Nabii akasikia akatabasamu. Leo Zuhura akasema zamu ni yake, na akaanza Narnia tangu mwanzo, kwa Kiswahili chake cha kuchechemea, Kiingereza kikimponyoka pale maneno yalipomwishia.

Nilikuwa nakatakata vitunguu, nimetega masikio yote mawili. Nilingoja Mama aseme astaghfirullah penye ufufuo. Hakusema. Aliuliza kama simba yule alikuwa na adabu, akaambiwa sana. Penye panya alisema mashallah. Penye Calormen alisema, "Wazungu!" na kumwambia aendelee. Zuhura akafika kwenye treni, kisha kwa Susan.

Bibi akamsimamisha.

"Ngoja, mjukuu wangu. Wazazi wake wamekufa?"

"Ndiyo, Bibi."

"Na ndugu zake wote?"

"Wote."

"Sasa huyu msichana kabaki na msiba peke yake. Nani alikwenda kuhani?"

Zuhura alinitazama. Nikatikisa kichwa. "Kitabu hakisemi, Bibi. Wenzake wako peponi, wanakula matunda."

"Basi hao wa peponi hawana haya," akasema mama yangu.

Nilicheka hadi nikaweka kisu chini. Mtu anayesali sala tano, aliyefunga tangu utotoni, ambaye pepo kwake ni jambo la hakika kuliko ukuta wa jirani, alisikia kisa hicho mara moja tu na akagoma pale pale nilipogoma mimi. Basi mpaka niliodhani unatutenganisha, kwa jambo hili, haupiti kati yetu. Yeye anaupima wema wa wa peponi kwa msiba walioacha nyuma yao. Nami siutaki wema unaopimwa vingine.

Sikumwambia chochote kuhusu mimi. Hilo si la kusemwa kwenye simu. Lakini kama kuna siku nitalisema, sasa najua nitaanzia kwa Susan.

Tumekubaliana na baba yake mambo machache. Hakuna ukurasa wa kurukwa, wa Lewis wala wa Pullman wala wa Bibi. Hatukatizi hadithi kwa maelezo. Maelezo yanakuja akiuliza, na akiuliza anaambiwa ilikotoka na anayeiamini ni nani. Na kila ikiisha tunauliza swali la Bibi: nani ameachwa, na nani alikwenda kumtazama.

Agosti, shule zikifungwa, Zuhura anakwenda Mombasa kukaa na Bibi mwezi mzima. Sitamfunganya na orodha ya visa vya kusikiliza na visa vya kuziba masikio. Bibi naye ameshaagiza mzigo wake: majani ya chai, mafuta ya kuchua magoti, na kile kitabu cha msichana aliyetoroka kuozwa mzee, Zuhura amfasirie, maana hicho anataka kukisikia hadi mwisho.